Pumzi Aliyoibana Mwenyekiti

Harufu ya nywele zilizoungua ilimpokea Mwenyekiti mlangoni, na nyuma yake ikaja ile nyingine, ile ambayo kwa mwaka mzima alikuwa akijidanganya kwamba ameizoea.

Alikuwa amepanda kilima mbio, viatu mkononi, baada ya kuitwa katikati ya kikao. Jikoni kwa mama yake kulikuwa na moshi mwembamba. Pazia la dirisha lilibaki nusu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, sufuria tupu mapajani, na juu ya macho yake, mahali ambapo tangu Mwenyekiti azaliwe palikuwa na nyusi mbili nene za kumtishia mtu, palikuwa patupu kama goti.

"Umeridhika?" mama aliuliza.

"Mama, umeumia wapi?"

"Nimekuuliza, umeridhika? Miaka yote nimepika kwa kuni. Nimekohoa, nimetokwa machozi, lakini nyusi zangu nilikuwa nazo. Leo nimetaka kuchemsha maji kwa mavi ya ng'ombe na ya kwetu wenyewe, kama ulivyonilazimisha. Nimepiga kiberiti, moto haukutoka kwenye jiko. Umetoka nyuma ya kabati ukaniramba uso kama mbwa."

Mwenyekiti akapiga magoti, akampapasa mashavu. Ngozi ilikuwa ya moto lakini haikuchubuka. Moyo wake ukaanza kutulia. Ndipo kitu kikasogea nyuma ya kabati la vyombo, na Fundi akatoka akitambaa, spana mkononi, utando wa buibui kichwani.

"Nimefunga koki ya nje," alisema. "Mama yuko salama. Mwenyekiti wangu, usiogope."

Akasimama, akaja kumkumbatia. Naye Mwenyekiti, kabla mikono ile haijamfikia, akafanya kama anavyofanya siku zote. Akajaza kifua hewa, akafunga mlango wa pumzi, akajiachia kifuani kwa mwanamume anayempenda kuliko wote duniani, akihesabu kimoyomoyo ataachiwa lini.

Tuseme ukweli, Fundi alikuwa akinuka. Na si kunuka kwa mtu aliyetoka shamba. Huyu alinuka samadi iliyolala, na chini ya samadi yai viza, na chini ya yai viza jasho la koti lisilokauka vizuri kwenye baridi ya mlimani. Kazi yake ilikuwa kujenga mitambo ya gesi ya samadi, na aliifanya kwa moyo. Uji wa kinyesi aliukoroga kwa mkono mtupu mpaka begani, kwa kuwa fimbo, alisema, haijui kutofautisha jiwe na bonge. Harufu ilimwingia kwenye kucha, kwenye ndevu, kwenye mishono ya viatu. Ilipanda hata kwenye vitu alivyompa Mwenyekiti. Leso aliyomletea siku moja ilibidi ianikwe nje mpaka jua liipaushe rangi. Na juu ya yote hayo palikuwa na sabuni ya waridi. Mwenyekiti ndiye aliyemnunulia, akitumaini ataelewa. Hakuelewa. Alidhani ni zawadi ya mapenzi, akaogea kwa bidii, na sasa alinuka kama maua yaliyotupwa chooni.

Angejuaje? Fundi hakuwa na pua. Pua ya kupambia uso alikuwa nayo, tena nzuri, lakini homa moja kali ya zamani ilimwondolea harufu zote asizisikie tena. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu. Walikuwa wamesimama bombani wakisubiri ndoo zijae, naye akasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye maji, "Mimi sisikii harufu yoyote. Watu wakijua, nani atanipa kazi ya gesi? Wewe utakuwa pua yangu." Mwanamke gani angeambiwa hivyo na mwanamume wa macho yale asiyeyuke? Mwenyekiti aliyeyuka papo hapo, tena akiwa amebana pumzi.

Kwa sababu na yeye alikuwa na siri yake. Watu wa mlima ule walimchagua kuwa mwenyekiti wao kwa jambo moja. Aliwaambia watoke kwenye moshi. Wakinamama walikuwa wakikohoa mpaka wanashika ukuta, na miteremko ilikuwa imekatwa miti ikabaki vipara, mvua ikija udongo unashuka na ukuta wa mtu. Akasimama mkutano baada ya mkutano. Akasema samadi ipo, vyoo vipo, fundi yupo. Kila walipouliza kuhusu harufu, aliinua kidevu akasema, "Haina harufu. Ni nishati safi." Alisema akiwa juu ya jukwaa, upepo ukivuma kutoka nyuma yake. Mikono yake hajawahi kuitia mtamboni hata siku moja.

Fundi alimwachia, akarudi kabatini na kumulika kwa tochi.

"Hiki kiungo ndicho kilichovuja," alisema. "Kimekazwa, lakini mpira wa ndani umekaa upande. Gesi ikawa inajikusanya hapa nyuma. Mama alipowasha kiberiti, basi."

"Basi nyusi," mama alisema.

"Samahani sana, mama."

"Usiniite mama. Sijakuzaa, na mkwe wangu hujawa."

Fundi akameza. Alikuwa mtu wa kwenda na jambo hatua kwa hatua, kama bomba, akitafuta mahali lilipokatika.

"Siku tuliyofunga," alisema, "viungo vyote vya nje nilivipaka povu la sabuni. Pakivuja, povu linatokota, unaona kwa macho. Hiki nilikikaza kwa kupapasa, sikuweza kukiona. Nilisema kabati lisogezwe, kama nilivyolisogeza leo bila ruhusa."

"Kabati la marehemu mume wangu, lisogezwe na mikono ile?" mama alisema. "Hapana. Nilikataa na ningekataa tena."

"Sawa. Ndiyo maana nikakwambia wewe, Mwenyekiti. Nilikuwa nimechuchumaa hapa, ukaja ukainama karibu yangu. Nikakwambia, weka pua hapo upenyoni, unasikia harufu? Ukasema hamna kitu."

"Nilisema," Mwenyekiti alijibu. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Hamna hata kidogo?"

"Nilisema hamna."

Fundi alimtazama. Hapakuwa na lawama kwenye macho yake, na hilo ndilo lililomuumiza. Palikuwa na mtu anayetafuta namna ya kumsaidia mwenzake. "Ulikuwa na mafua siku ile?" aliuliza. "Maana baridi ilikuwa kali. Ukiwa na mafua si kosa lako."

Huo hapo mlango umefunguliwa. Mwenyekiti aliuona, ukiwa wazi kabisa, neno moja tu la kuingilia. Mafua. Nani angebisha? Aliulamba mdomo.

"Nadhani nilikuwa na mafua kidogo," alisema.

"Mafua gani?" Mama alitua sufuria chini. "Mafua ya wapi? Mimi nilikuwa nimesimama hapa. Huyu mtoto hakuvuta pumzi kabisa."

"Mama."

"Nyamaza. Nyusi ni zangu. Wewe Samadi, nisikilize. Huyu tangu akiwa mdogo, ukimletea dawa ya minyoo, anavimbisha mashavu namna hii, anaminya midomo, anatoa macho kama chura. Mpaka uiondoe dawa. Siku ile aliinama hapo karibu nawe na mashavu yamevimba. Nikasema moyoni, haya, dawa ya minyoo imefika."

Fundi alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha kifuani kilichompendeza Mwenyekiti tangu siku ya kwanza. "Kwa nini abane pumzi, mama? Pale palikuwa na mimi tu."

Kicheko kilimwisha Fundi polepole, kama maji yanavyokatika bombani. Alimtazama mama, ambaye kwa mara ya kwanza aliangalia pembeni. Akamtazama Mwenyekiti. Kisha akainua mkono, akasogeza ukosi wa koti puani, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu zaidi. Mwenyekiti alitamani ardhi ipasuke.

"Nanuka?" aliuliza.

"Fundi..."

"Nimeuliza swali dogo. Nanuka?"

"Ndiyo."

"Sana?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ile siku ya mvua," Fundi alisema taratibu, "tulipojibanza chini ya bati la kinu cha kusagia. Ulipofumba macho."

"Hata siku ile."

"Ulivuta pumzi ndefu kabla sijakubusu. Nilidhani..." Akafuta spana kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Nilimwambia dada yangu. Nilimwambia, yule mwanamke akiniona anahema."

"Nakupenda," Mwenyekiti alisema. "Hilo sikukudanganya."

"Na sabuni ya waridi?"

Mwenyekiti aliinama kuokota kipande cha pazia kilichoungua.

"Naoga asubuhi na jioni kwa maji ya baridi ya huku mlimani, mifupa inagongana, nikisema mwenzangu anapenda waridi." Sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ipande. "Na njiani? Kila tukitembea unahamia upande wa juu, upande upepo unakotoka. Nilidhani unanikinga baridi. Nilijisifu kwa watu."

"Nilikuwa najikinga mimi."

"Unajikinga na mimi."

"Na harufu."

"Hiyo harufu nimeivaa mimi, Mwenyekiti. Haijaja yenyewe."

Alitaka kumshika mkono. Aliutazama ule mkono, mistari myeusi kwenye viganja, kucha zenye ukingo wa kijani, na hata katika saa ile, akiwa anampoteza, tumbo lake lilirudi nyuma hatua moja. Kinyaa hakina adabu, hakisubiri msiba uishe. Akajichukia. Kinyaa alichokuwa akikionea koti la mwanamume kikageuka kikamkaba yeye mwenyewe kooni, kwa kila mara aliposimama jukwaani akasema haina harufu, kisha akaenda nyumbani akajisugua shingo.

"Ungeniambia," Fundi alisema. "Sina pua, masikio ninayo. Ningebadilisha nguo. Ningenyoa ndevu. Ningelala mtoni kama ingelazimu. Nilikupa kazi moja, Mwenyekiti, uninusie kile nisichoweza. Mapenzi yako nayaamini. Pua yako ndiyo imenishinda."

Nje sauti zilikuwa zimejaa. Habari ya moto haipandi mlima kwa miguu, inaruka. Mwenyekiti alichungulia kwenye pazia lililobaki nusu. Uani walikuwa wamesimama majirani, mbele yao Kinyozi wa sokoni akiwa na aproni yake ya kazi, na Mama Mapacha aliyebeba begani bomba lake la gesi zima zima. Alikuwa amelikata kwa panga.

"Mwenyekiti yuko ndani?" Mama Mapacha aliita. "Tunataka maelezo. Kama nyumba ya mama wa mwenyekiti inalipuka, ya kwangu yenye watoto itakuwaje?"

Fundi alichomeka spana kiunoni. "Nitawaambia mimi," alisema. "Nitasema sina pua, kiungo sikukikagua vizuri, kosa ni langu."

"Hakuna atakayekupa kazi tena. Si huku tu. Popote."

"Watafukuza mtu mmoja. Wewe ukienda kuwaambia ulibana pumzi kwa kinyaa, wewe uliyewaapia haina harufu, watang'oa mabomba yote leo hii. Msimu ujao wanarudi kwenye miti." Alisogea mlangoni. "Na usijisifu. Sifanyi kwa ajili yako. Nimechimba mashimo yale kwa mikono yangu."

Alimpita. Harufu ikampita pamoja naye, yote, samadi na yai viza na waridi, na Mwenyekiti akajua kwamba huyu akitoka mlango ule na maneno yale, hatarudi. Atashuka mlima na mkoba wake wa spana, atakwenda kuchimba mifereji huko aendako, na hakuna mtu atakayejua kwamba alikuwa mkweli kuliko mwenyekiti wao.

Akamshika koti. Kwa mkono mzima, kitambaa kikiwa na unyevu wa mafuta mafuta kati ya vidole vyake. Akamvuta nyuma, akatangulia yeye.

"Fundi hana kosa," aliwaambia watu, kabla woga haujapata nafasi. "Aliniambia ninuse kiungo nyuma ya kabati. Nikamwambia hamna kitu. Lakini sikunusa. Nilibana pumzi."

"Ulibana kwa nini?" Kinyozi aliuliza.

"Kwa kinyaa."

Mwenyekiti alihisi uso ukimwaka kuliko wa mama yake.

"Nimewaambia mara nyingi kwamba haina harufu," aliendelea. "Nimesema nikiwa mbali. Nikiwa karibu huwa nabana pumzi. Kwenye mtambo nabana. Jikoni nabana. Nikiwa na..." Akasita, akapiga moyo konde. "Nikiwa na huyu ninayempenda, nabana. Mama yangu ameungua kwa sababu hiyo. Kama mnataka kumng'oa mtu, ning'oeni mimi. Mabomba hayana hatia."

Alisubiri matusi. Mama Mapacha alilishusha bomba lake begani, akalisimamisha ardhini kama mkongojo.

"Kumbe na wewe?" alisema.

"Na mimi nini?"

"Unabana." Mama Mapacha aliwageukia wenzake, akarudi kumtazama. "Mimi napika nimejifunga kitambaa puani, nikimaliza nakimbilia dirishani. Nilidhani ni jikoni kwangu tu. Mwenyekiti kasema haina harufu, mimi nasikia harufu, basi nikasema labda sisi ndio wachafu. Ningemwambia nani?"

"Mimi nafungua koki," Kinyozi alisema, "natoka nje, navuta hewa nzuri, ndipo narudi ndani kuwasha."

"Unafanya nini?" Fundi alitokea mlangoni. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Nafungua, natoka, narudi kuwasha."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Mara nyingine inawaka kwa kishindo. Nikadhani ndiyo nguvu yake."

Fundi aliketi kwenye kizingiti. Aliwatazama mmoja mmoja, na wengi wakawa wanakagua vidole vya miguu yao. "Gesi ikiwaka vizuri hainuki," alisema. "Ikinuka, inavuja. Ile harufu ndiyo kengele yenu. Nyumba ngapi zinanuka humu na hakuna hata mmoja aliyeniita?"

Mwishowe Kinyozi, aliyezoea kuwaambia watu ukweli wakiwa hawawezi kuondoka kitini, akakohoa.

"Fundi, usichukie. Tulidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Ukija kazini, ukiondoka, harufu inabaki. Tukasema ni yako tu, itaisha. Haikuisha, tukasema mtu mwenyewe ni wa nguvu."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakisonga na kiganja. Fundi hakucheka. Alifunika uso kwa mikono yake miwili, kisha akakumbuka, akaitoa. Mwenyekiti alitamani kumfuata pale kizingitini, lakini alijua hana haki hiyo tena.

"Ingekuwa vizuri kama ningesikia mwenyewe," Fundi alisema. Akasimama. "Sisikii. Sina pua. Nilipata homa zamani, harufu zote ziliondoka. Nilipaswa kuwaambia kabla sijawajengea kitu. Haya, sasa mnajua. Anayetaka kunifukuza anifukuze kesho. Leo kila mtu aende kwake afunge koki ya nje, asiguse kiberiti mpaka nifike."

Watu walitazamana. "Utakaguaje bila pua?" Mama Mapacha aliuliza.

"Kwa povu, na pasipofikika kwa povu, kwa pua ya mtu."

"Chukua yangu. Ni kubwa."

"Yako haitafaa. Nikiingia mimi jikoni, wewe utajuaje ipi ni yangu na ipi ya gesi?"

Mama Mapacha akafikiri, akakubali kwamba hajui. Kinyozi naye akatikisa kichwa. Macho ya uani yote, bila kuambizana, yakahamia kwa Mwenyekiti.

Fundi alikuwa wa mwisho kumtazama. "Njoo," alisema, kama anavyoita msaidizi yeyote.

Walirudi nyuma ya kabati, wakachuchumaa bega kwa bega. Alifungua kiungo, akakiweka mpira sawa, akakaza. Akamwambia mama afungue koki ya nje kidogo tu.

"Vuta," alisema.

Mwenyekiti alivuta. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, akiwa pembeni yake kabisa, alifungua pua na kifua na kuiacha iingie. Ilimpiga nyuma ya koo. Machozi yalimjaa, mate yakamjaa mdomoni. Alishika ukuta. Akajikaza, akavuta tena, polepole, akiichambua kama mchele. Samadi, hiyo ya Fundi. Jasho, lake. Waridi, lake masikini. Yai viza la kwenye koti, zito na la zamani, lake. Na pembeni, jembamba na kali, likija na kukatika, jingine.

"Bado inavuja," alisema. "Kidogo."

Fundi akakaza. "Vuta."

"Bado."

Akakaza tena, mishipa ya shingo ikamtoka. "Vuta."

Alivuta mpaka kifua kikakataa. "Imekwisha," alisema. "Sasa nakusikia wewe tu."

Fundi alibaki na spana mkononi. "Hiyo haikazwi," alisema hatimaye, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Mlangoni mama aliwazuia. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amejichora nyusi kwa mkaa, moja juu kidogo kuliko nyingine, hivyo alionekana mtu anayeshangaa upande mmoja. Alimsukumia Fundi kifuko cha plastiki bila kumkaribia, mkono umenyooka.

"Magadi na malimau," alisema. "Waridi linafunika tu. Uchafu hautolewi kwa kufunikwa. Koti uliloweke usiku kucha, na ndevu hizo uzinyoe, Kinyozi yupo. Na usidhani nimekukubali. Kwangu bado unanuka."

"Asante, mama."

Safari hii hakumkataza kumwita hivyo.

Walianza na nyumba za juu, maana huko ndiko madirisha yamefungwa sana kwa baridi na gesi haina pa kutokea. Njia ilikuwa nyembamba, ikipita chini ya ule mteremko wenye kipara ambako miche mipya ilikuwa imefika magotini. Upepo uliteremka kutoka kilele kama kawaida yake. Mwenyekiti alijikuta anatembea upande wa juu, upande wake wa siku zote, miguu imemchukua yenyewe.

"Usidhani nimekusamehe," Fundi alisema, macho mbele.

"Sidhani."

"Nimekuchukua kwa ajili ya kazi."

"Najua."

Walitembea. Alimwangalia kwa pembeni, taya iliyokaza, kifuko cha malimau kikining'inia kwenye kidole. Akapunguza mwendo, akampita kwa nyuma, akahamia upande wa chini. Sasa upepo ulimpitia Fundi kwanza, ndipo ukamfikia yeye, na ulikuja na kila kitu. Hakugeuza uso.

Fundi alisimama. Alitazama kilele, akatazama majani yalivyolala, akamtazama yeye aliposimama. Alielewa.

"Vipi huko?" aliuliza.

"Unanuka."

"Sana?"

"Sana sana."

Akahamisha mkoba wa spana begani, akatazama njia iliyobaki mpaka juu.

"Basi vuta taratibu," alisema. "Nyumba ziko nyingi."